Naogopa kusema niliyoyaona yadini, na kanisani naambiwa woga ni dhambi

Bwana asifiwe, Mama Mshauri.

Barua hii nimeiandika kichwani mara nyingi nikiwa kwenye matatu, na kila nikishuka naiacha humo humo. Leo nimekaa kuiandika kwa sababu usingizi umenikataa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nalea peke yangu, naishi Mikindani, hapa Mombasa. Nafanya kazi ya ukarani katika yadi moja ya makontena ambayo sitaitaja. Kitabu cha ripoti za zamu huwa kinakaa kwangu: mashine gani imeharibika, nani hakufika, kontena gani limeingia na sili iliyokatika. Siku chache kabla ya mambo haya kutokea, dereva wa foklifti alinijia akasema breki hazishiki vizuri, hasa akiwa amebeba mzigo. Niliandika kitabuni kwa mkono wangu, nikatia saa, naye akatia sahihi. Msimamizi hakuwepo, kwa hiyo niliupiga ukurasa ule picha nikamtumia kwa simu. Aliuona, maana zile tiki mbili ziligeuka buluu. Hakujibu kitu. Foklifti ikaendelea na kazi.

Ndiyo hiyo iliyorudi nyuma ikambana kijana mmoja wa kibarua kwenye ubavu wa kontena. Mguu wake umekatwa chini ya goti. Kijana mwenyewe nimemzoea, huniita Dada. Yeye ni Mwislamu, na kila Ramadhani hunipitishia tende pale ofisini ingawa anajua mimi sifungi.

Baada ya ajali nilifungua kitabu. Ule ukurasa haumo. Umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, huwezi kujua mpaka ukilaze kitabu wazi juu ya meza ukihesabu kurasa. Kisha meneja akaniita. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa, jina langu liko chini linangoja sahihi. Inasema kijana alikuwa anaongea na simu, akavuka mstari wa manjano, na kwamba mimi nilimwonya asisikie. Eti mimi nilimwonya! Mimi wakati ule nilikuwa dirishani, nilisikia ukelele tu ndipo nikageuka. Nikamwambia meneja naomba niisome nyumbani. Akasema, "Soma, lakini Ijumaa iwe mezani. Afisa wa usalama kazini atakuja kuandikisha taarifa, tunataka sote tuseme neno moja." Halafu akaniuliza kwa tabasamu, "Watoto wako bado wanasoma, sivyo?"

Mama yangu yuko Rabai. Nilipompigia aliniambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Wewe si mwanasheria." Mke wa yule kijana naye alikuja nyumbani na mtoto mgongoni. Hakuniomba kitu. Alikunywa chai, akanyamaza, na alipoinuka akasema, "Dada, wewe ulikuwepo." Akaenda zake.

Kanisani nilimwendea kiongozi wetu wa kina mama. Sikumweleza yote, nilisema tu nina hofu ya jambo la kazini. Akaniwekea mikono, akaikemea roho ya woga. Jumapili ile nilihisi mwepesi. Jumatatu nilipofika getini, tumbo likasokota na mikono ikaanza kutetemeka hata kalamu siwezi kuishika. Nikarudi kwake. Safari hii aliniambia kama hofu bado ipo basi kuna mlango nimeufungua mahali, akanisomea Ufunuo 21:8, kwamba waoga sehemu yao ni ziwa la moto. Tangu hapo naogopa mara mbili. Namwogopa meneja, na namwogopa Mungu.

Mama Mshauri, je, hofu yangu maana yake sina imani? Najua ningekuwa na imani ningemtupia karatasi yake siku ile ile. Lakini pia kazi hii niliiomba kwa kufunga na kusali, na Mungu akanipa. Sasa niipoteze kwa mkono wangu mwenyewe? Kodi ya nyumba na karo havijui ushuhuda.

Mama Wawili, Mikindani

*

Mwanangu Mama Wawili,

Asante kwa kuniamini. Niliposoma barua yako nimeona mambo mawili yamesukwa pamoja mpaka yanaonekana moja. Kuna karatasi unayotakiwa kuitia sahihi, yenye maneno ambayo hukuyasema na jambo ambalo hukuliona. Na kuna hukumu uliyowekewa juu ya moyo wako, kwamba kutetemeka kwako ni dalili ya kutoamini. Naomba nianze na hili la pili, kwa sababu mtu anayedhani Mungu amemgeuka hawezi kufikiri sawasawa juu ya meneja.

Kiongozi wako wa kina mama sidhani alikusudia kukuumiza. Lakini Ufunuo si mstari mmoja. Kitabu kile kiliandikwa kwa makanisa saba ya Asia yaliyokuwa yakibanwa yamkane Kristo, na Yohana alikiandika akiwa kisiwani Patmo kwa sababu hiyo hiyo ya imani. Waoga wanaosemwa pale, jinsi ninavyosoma, ni wale waliomwuza Bwana wao ili wapate usalama, wakabaki huko. Si mama anayeshikwa na tumbo getini halafu akaingia kazini. Na orodha ile ile inaishia kwa "waongo wote". Sisemi hivi ili nikutishe kwa neno jingine badala ya lile la kwanza. Umetishwa vya kutosha. Nataka tu uone kwamba maandiko hayakuachi peke yako na hofu yako huku yakiwapita waliochapa ile karatasi.

Hata aliyeanguka kwa woga hakuachwa. Petro aliota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, akaapa kwamba hamjui Yesu. Mbele kidogo, katika Yohana 21, kuna moto mwingine wa makaa ufukweni, na samaki juu yake, na Bwana mwenyewe anamwita Petro aje afungue kinywa. Hakuulizwa kwa nini aliogopa. Aliulizwa kama anapenda.

Umeandika, "Najua ningekuwa na imani ningemtupia karatasi yake siku ile ile." Una hakika? Hebu tazama uliyoyafanya tayari. Dereva alipokuambia breki ni mbovu, hukumwambia angoje msimamizi arudi, uliandika. Ulipiga picha, ukatuma. Ulipowekewa karatasi mbele yako na kalamu kando, ulisema utaisoma nyumbani. Hayo yote umeyafanya ukiwa na hofu, na kwangu mimi huo ni ujasiri. Kumtupia mtu karatasi huenda kungekuwa hasira tu.

Paulo ndiye aliyemwandikia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho kwamba alikuja kwao katika "udhaifu na hofu na matetemeko mengi". Na tazama alivyomshika Timotheo: kabla ya mstari ule anamkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hakumwambia kuna mlango ameufungua. Zaburi ya 56 inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," na aliyeimba hivyo alikuwa mikononi mwa Wafilisti. Siku ya hofu anaiita yake, na tumaini linaanza humo humo.

Hapa kwetu Mombasa tuna ushahidi wa jambo hili kando ya barabara. Kule Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ile kengele ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu wafanyabiashara wa watumwa wanapokaribia. Wengi wa watu wale walikuwa Wakristo. Walisali, na walikuwa na kengele. Hakuna aliyewaambia kwamba kuigonga ni kukosa imani. Walikuwa wamewahi kuchukuliwa, walijua wanachokiogopa. Wewe pia hofu yako ina sababu. Mtu mwenye mamlaka juu ya mshahara wako amekuuliza habari za watoto wako huku akitabasamu. Mwili wako ulielewa haraka.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Naona kama umeiweka hivi: ama utie sahihi ubaki na kazi, ama useme kweli uipoteze. Inawezekana ikawa hivyo, sitakudanganya. Wapo watu waliosema kweli na kazi ikaenda, na siwezi kukuahidi kwa jina la Mungu kwamba wewe hutakuwa mmoja wao. Mhubiri akikuahidi hivyo, mpokee salamu zake tu. Lakini kati ya hizo ncha mbili kuna nafasi ambayo bado hujaitazama.

Ukitia sahihi, kwa wiki hii utapumua. Lakini karatasi ile haisemi tu kwamba kijana alikosea. Inasema wewe ulimwonya. Inakufanya wewe kuwa nguzo ya habari yote. Dereva anajua alichotia sahihi, msimamizi anajua alichotumiwa, na picha iko kwenye simu mbili. Siku habari ikigeuka, atakayeulizwa kwa nini alimwandikia uongo afisa wa serikali ni mwenye jina lile chini. Kumpa afisa wa umma taarifa unayojua si ya kweli ni kosa kisheria.

Unaweza pia kukataa kutia sahihi na kunyamaza. Nyumba nyingi zimeokolewa na ukimya, na mama yako anajua anachosema. Woga wake ni mapenzi. Lakini afisa akija akakuuliza wewe mwenye kitabu, utakuwa umefika pale pale, safari hii bila muda wa kufikiri.

Au unaweza kusema kile unachokijua, na kuishia hapo. Hili nadhani limefichwa na hofu. Hakuna anayekutaka umshtaki mtu. Hujui nani alikata ukurasa, basi usiseme. Hukuona kijana akivuka wala asivuke mstari, basi sema ulikuwa dirishani ukageuka uliposikia ukelele. Unajua uliandika nini, saa ngapi, ulimtumia nani. Unaweza hata kumwambia meneja kwa heshima, "Nimeisoma, lakini humu mna mambo sikuyaona. Naomba niandike mwenyewe niliyoyaona." Hatari yake ni kwamba atajua mapema umesimama wapi, na anaweza kuanza kukutafutia makosa. Kwa hiyo kabla ya neno lolote, ile picha itume kwa mtu wa nje ya kazi unayemwamini. Simu hupotea, na nyingine hupotezwa.

Sheria nayo haijakaa kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia jambo lisilo salama, na ile ripoti yako ya breki ni lalamiko la namna hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri anayetaka kukuachisha kwa madai ya utovu wa nidhamu akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Haya ni mazuri, lakini haki ya mahakamani huchelewa na karo haingoji. Ndiyo maana nakusihi uongee na mwanasheria kabla ya Ijumaa, si baada yake. Kituo cha Sheria kina ofisi hapa Mombasa na husaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kwenda kuuliza hakukufungi kufanya lolote.

Kuna mzigo mwingine umejitwika ambao si wote wako. Mke wa kijana aliposema "wewe ulikuwepo", ulisikia kana kwamba mguu wa mumewe sasa uko mikononi mwako. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamruhusu mfanyakazi aliyeumia kazini adai fidia bila kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Dai hupelekwa kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mwajiri huenda akajaribu kudai kwamba alijiletea ajali kwa utovu wa makusudi, na hapo ndipo utaona kwa nini karatasi yako inatafutwa hivyo, ingawa sheria hiyo haimnyimi fidia kwa sababu hiyo aliyepata ulemavu mkubwa. Unaweza kwenda kumjulia hali, na kumwambia mkewe wakaulize haki zao mapema, maana madai haya yana muda wake. Hilo halihitaji uwe umeamua lingine lolote. Ahadi usiyoweza kuitimiza, usiitoe.

Kuhusu kazi uliyoiomba kwa kufunga: naamini ulipewa. Lakini sijui kama kupewa kitu na Mungu ni kupewa amri ya kukilinda kwa kila njia. Huenda alikuweka pale ulishe watoto. Huenda pia alikuweka pale kwa sababu kitabu kile kilihitaji mtu atakayeandika breki ni mbovu, na kama ni hivyo, sehemu ya kazi yako umekwisha kuifanya. Najua wahubiri watakupa Esta hapa, na neno aliloambiwa na Mordekai, kwamba huenda aliupata umalkia kwa ajili ya wakati kama huu. Esta hakukurupuka. Alifunga siku tatu, aliomba watu wafunge pamoja naye, ndipo akaingia kwa mfalme. Naye alikuwa malkia, si mpangaji wa Mikindani.

Ninayemkumbuka zaidi nikikufikiria wewe ni Gideoni, usiku ule kabla ya vita, Waamuzi sura ya 7. Mungu anamwambia ashuke kambini kwa adui. Halafu anaongeza kwamba kama anaogopa kushuka, ashuke pamoja na Pura mtumishi wake. Na Gideoni anamchukua Pura. Yaani alikuwa anaogopa, na Mungu alijua, akampa mtu wa kwenda naye, bila lawama. Hata Bwana wetu Gethsemane, roho yake ikiwa na huzuni kiasi cha kufa, aliwaambia rafiki zake wakae wakeshe pamoja naye.

Wewe, Pura wako ni nani? Barua yako nzima uko peke yako. Hata kiongozi wa maombi ulimwambia nusu tu, kwa hiyo aliombea asichokijua. Je, yuko mzee kanisani, au dada mmoja mwenye kifua, unayeweza kumweleza yote? Na yule dereva? Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa uliokatwa. Labda naye amepewa karatasi yake na hajalala. Mwendee kwa uangalifu, maana yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani na huenda anaogopa kuliko wewe. Asipotaka kuongea usimlazimishe wala usimwonyeshe picha. Lakini ikiwa mtakuwa wawili, mambo mengi yatabadilika, na meneja atalijua hilo.

Na huo usingizi. Eliya alipomkimbia Yezebeli akalala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Kula hata kama hamu hakuna. Hali hii ikiendelea baada ya wiki hii kupita, nenda hospitali ueleze unavyosikia, kutetemeka na kukosa usingizi. Mshauri wa hospitali hatakuondolea imani yako. Na ukirudi kwa kiongozi wako wa kina mama, una haki ya kumwambia, "Leo usinikemee, niombee tu."

Sitakuamulia, mwanangu. Mimi si wa kulipa kodi yako wala si wa kukaa na jina lako chini ya karatasi ile. Ila ukifika mbele ya meneja na mikono ikaanza kutetemeka, usidhani Mungu ametoka chumbani. Iweke mezani ikitetemeka hivyo hivyo, useme ulilokusudia kusema.

Ijumaa nitakuombea kwa jina hili la Mama Wawili. Lile jingine Yeye analijua. Ukishapita, niandikie, hata kama ulilofanya silo ulilotaka kulifanya.